Kabla Hujapanda Basi la Dar: Niliyowaambia Wahandisi Vijana wa Mtwara Kuhusu Uzamili

Haya niliyasema Jumamosi moja jioni, Shangani, Mtwara, mbele ya wahandisi vijana waliotaka kujua habari za kurudi chuo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeruka tu pale umeme ulipokatika tukakaa kimya kusubiri jenereta.

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Mwenyekiti amenipa nusu saa nizungumzie shahada ya uzamili ya uhandisi: masharti yake, na namna ya kuishi na washauri na wasimamizi. Naanza kwa kukiri. Kozi yangu ilikuwa ya miezi 24. Mimi niliimaliza kwa miaka minne na miezi miwili. Kama mlitaka mtu wa kuwafundisha namna ya kumaliza haraka, mmekosea mgeni. Ila kama mnataka kujua ile miezi 26 ya ziada ilikwenda wapi, hakuna anayeijua kuliko mimi, maana niliihesabu mmoja mmoja.

Haikupotelea darasani. Hilo lishikeni tangu sasa. Masomo ya darasani nilifaulu, tena kwa wakati, sina sapu, yaani mtihani wa marudio, hata moja. Niliipoteza baada ya kurudi huku kusini na begi langu, nikijiambia kimebaki kitabu tu, yaani tasnifu, lile andiko la utafiti la kumalizia shahada. "Kimebaki kitabu tu" ndiyo kauli niliyoisikia kwa kila mtu aliyekwama niliyekutana naye. Mwingine ameisema hadi watoto wake wamemaliza shule ya msingi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu na bado hatuifanyi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanzishwa mwaka 2005, ina mfumo wa sifa wenye ngazi 10. Uzamili uko ngazi ya 9, na kiwango chake cha chini ni krediti 180. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na hizo saa si za kukaa darasani peke yake: kusoma usiku, maabara, kuandika, kupanda kilima kwenda kusoma dira ya maji, vyote vimo. Krediti 180 ni saa 1,800. Mtu anayesoma saa 40 kwa wiki anazimaliza kwa wiki 45. Sasa wewe uko zamu kiwandani, au unasimamia mkandarasi wa barabara, una mke au mume, una msiba kila mwezi. Unapata saa 15 kwa wiki, tena ukijibana. Saa 1,800 gawanya kwa 15 ni wiki 120. Ni zaidi ya miaka miwili na robo bila kuugua, bila Idi, bila Krismasi.

Tuseme chuo chako kimeipa tasnifu krediti 60. Ni saa 600. Ukirudi Mtwara ukawa unaiandikia Jumapili tu, saa tano kila Jumapili, hiyo ni Jumapili 120. Piga hesabu hii kabla ya kujaza fomu, halafu mwoneshe mwenzako nyumbani, kwa sababu hizo Jumapili ni zake pia.

Kuna kijana aliniuliza nje pale kwa nini rafiki yake aliyeko Marekani anasoma uzamili wa krediti 30 na sisi 180. Vipimo tofauti, mdogo wangu. Kule vyuo vingi wanahesabu saa za darasani kwa wiki katika muhula, huku tunahesabu jasho lote. Uingereza nako ni 180, na krediti yao ni saa 10 kama yetu. Ulaya bara wanasema 90 au 120, ila krediti yao moja ni saa 25 hadi 30. Usilinganishe namba, linganisha saa. Na kama shahada yenyewe unataka kuisomea nje au kwa intaneti, kabla hujatuma hata senti uliza TCU kama chuo hicho kinatambulika. Cheti kisichotambuliwa utakitundika sebuleni, mwajiri hatakipokea.

Sasa nieleze aibu yangu ya kwanza.

Masomo yetu yalikuwa ya aina mbili, ya lazima na ya hiari. Ya hiari yalikuwa na orodha yake kwenye kitabu cha mwongozo wa chuo, yaani prospektasi. Mimi nikaliona somo la idara nyingine kuhusu mwenendo wa maji ya ardhini, jina tamu, mwalimu mzuri, na kwa mtu wa Newala kama mimi maji ya ardhini ni habari ya nyumbani. Nikamfuata mshauri wangu wa kitaaluma kwenye korido. Nikamwambia. Akasema, "Sawa, chukua." Nikalichukua, nikafaulu vizuri, nikasahau.

Mwaka wa tatu, naandika taarifa ya kusudio la kuwasilisha tasnifu, ofisi inakagua matokeo yangu, naambiwa nina upungufu wa krediti 8. Lile somo lilihesabiwa kuwa ni la ziada, kwa sababu halikuwa kwenye orodha ya programu yangu na hapakuwa na fomu ya ruhusa. Mshauri wangu alikuwa amehama chuo. Ile "sawa" ya kwenye korido haikuwa na tarehe wala sahihi. Nikarudi darasani muhula mzima, mama mtu mzima, kwa somo moja la krediti 8, na nauli na pango juu yake.

Simlaumu sana. Alinijibu kama mtu anavyojibiwa kwenye korido. Kosa ni kwamba mimi sikujua nani anaamua nini, na hapa nitakaa kidogo.

Mshauri wa kitaaluma anakusaidia kuchagua masomo, basi. Msimamizi anaongoza utafiti wako. Mratibu wa uzamili wa idara ndiye anayejua tarehe: lini semina, lini mapendekezo ya utafiti yanapitishwa, lini fomu za maendeleo zinarudishwa. Halafu iko ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo, ambayo huenda hutaiona hata siku moja, na ndiyo inayotamka kama umetimiza au hujatimiza. Ukimuuliza msimamizi habari za ada utapata jibu la upendo, ila si lazima liwe jibu sahihi. Ukimuuliza mwenzako wa mwaka wa juu, atakueleza kanuni za mwaka wake. Wewe mara nyingi unabanwa na kanuni za mwaka ulioingia. Kwa hiyo prospektasi ya mwaka wako ipakue, ihifadhi, hata ikitoka mpya usiifute.

Na kila mazungumzo ya korido yamalizie kwa barua pepe usiku uleule. "Mheshimiwa Daktari, nashukuru kwa muda wako leo. Kama nilivyoelewa, umeniruhusu kuchukua somo fulani badala ya fulani. Kama nimekosea naomba unisahihishe." Mistari mitatu. Haina ubaya wala si kumkosea adabu mkubwa. Akinyamaza, umeshaandika. Akisahihisha, umeokoka.

Kuhusu alama nitapita haraka. Vyuo vyetu vingi vinadai shahada ya kwanza yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.7 kwenda juu, yaani daraja la pili la chini. Ukishaingia, ile C uliyokuwa ukiipokea kwa shangwe mwaka wa pili wa uhandisi, kwenye uzamili mara nyingi si kufaulu. Na kama una ndoto ya kufundisha chuo, soma matangazo ya kazi za uhadhiri wasaidizi mapema. Mengi niliyoyaona yanataka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili, na ya shahada ya kwanza hutairudia tena.

Turudi kwenye mada ya utafiti. Hapa ndipo miezi yangu tisa ililala.

Mnajua uwanda wa Makonde: maji yako bondeni, watu wako juu. Maji yanasukumwa kwa mashine kupanda hadi huko, na kila lita inayovuja njiani imeshalipiwa umeme. Mimi nikaenda na mada yenye kichwa cha habari kirefu, kuchambua upotevu wa maji katika mfumo mzima, kutoka chanzo mpaka bomba la mwisho la mteja. Idara ikaipenda. Kwenye semina wakanipigia makofi. Hakuna aliyeniuliza: takwimu za mashine na za ankara utazipata kwa nani, na amekubali kwa maandishi?

Alikuwa amekubali kwa mdomo. Afisa mmoja kwenye ofisi moja, mtu mwema, aliniambia njoo tu dada, vitabu viko wazi. Niliporudi kwa ajili ya vitabu amehamishwa. Aliyekuja baada yake akataka barua. Haki yake. Barua ya kibali cha utafiti inatoka chuoni, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa RAS, inashuka wilayani, kisha ndipo inafika kwa mkuu wa ofisi unayoitaka. Yangu ilitoka na jina la wilaya moja. Utafiti wangu ulikuwa wilaya mbili. Ikarudi Dar kuanza upya. Ilipokamilika, nikakuta nusu ya dira za maji hazijasomwa kwa miaka, na kitabu cha mashine kimeandikwa "kawaida" kila siku, mwaka mzima. Kawaida, kawaida, kawaida. Sasa "kawaida" utaichorea grafu gani?

Kilichoniokoa ni msimamizi wangu wa pili, nitamfikia. Alinikatia mada kwa kalamu nyekundu. Akaacha bomba moja la kupandishia maji na tangi moja. Nikanunua geji za presha mbili, nikapima mwenyewe kwa wiki sita, asubuhi na usiku. Tasnifu yangu yote imekaa juu ya hizo wiki sita. Ile miezi tisa haimo hata kwenye kiambatisho.

Sisi huku tumekua tukiona wachonga vinyago. Mzee wa kinyago hashiki patasi kwanza. Analizunguka gogo la mpingo, anatazama wapi pana ufa, wapi pameoza, halafu anaamua hapa patatoka uso na hapa hapatoki kitu. Mimi nililibeba gogo kabla ya kulizunguka.

Na mada ziko hapahapa, msizifuate mbali. Maganda ya korosho yana mafuta yake na yana joto la kuchomea. Viwanda vya kubangua vinayatoa kila msimu, na mtu wa mitambo hajaishiwa maswali hapo. Ruangwa kuna madini ya kinywe, yaani grafiti. Bandari yetu ina chuma na zege linalokaa na maji ya chumvi usiku na mchana, mtu wa ujenzi akachunguze kutu. Mikindani bahari inakula ufukwe. Kuna kijana atataka kuandika habari ya akili mnemba kwa sababu wenzake wote wanaiandikia. Sikatazi. Nauliza tu takwimu zako ziko wapi, maana hiyo mashine nayo inakula takwimu, na wewe una zile za "kawaida".

Kama unalenga kiwanda cha saruji au mitambo ya gesi kule Madimba, tambua kwamba mwenye mtambo ana siri za biashara na ana taratibu za usalama. Kufanya kazi pale hakukupi ruhusa ya kutumia takwimu za pale. Pata barua kabla ya kuandika kichwa cha tasnifu. Barua hiyo ieleze takwimu zipi, za kipindi gani, na kama jina la kampuni litatajwa. Nimemwona mtu amemaliza sura zote tano, mwajiri akazuia sura ya nne.

Nimesema nitamfikia msimamizi wa pili. Wa kwanza alikuwa profesa ninayemheshimu hadi leo. Alipata kazi nje ya nchi. Hakunitupa, alisema tutaendelea kwa barua pepe. Nikamtumia sura ya pili. Mwezi ukapita. Nikaandika, "Shikamoo Profesa, nakumbushia tu." Mwezi mwingine. "Shikamoo Profesa, samahani kwa usumbufu." Miezi saba, wenzangu. Miezi saba ya "nakumbushia tu". Sikuandika kwa mkuu wa idara kwa sababu tumelelewa kwamba mkubwa hasumbuliwi, na kwamba ukimlalamikia mwalimu wako utaonekana huna shukrani.

Siku niliyoandika hatimaye, barua ya nusu ukurasa, isiyo na lawama yoyote, nikieleza tu tarehe nilizotuma kazi na kuomba nipewe msimamizi wa ndani ya chuo, nilijibiwa ndani ya wiki tatu. Kanuni iliruhusu tangu mwanzo. Hata yule Profesa aliandika kushukuru. Naye alikuwa anaona haya.

Kwa mtu wa Mtwara au Lindi jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa Kimara, palepale Dar. Wa Kimara akikosa jibu anakwenda kukaa nje ya mlango wa ofisi. Wewe wa Mtwara una zaidi ya kilomita 550 kufika Dar. Mwaka 2024 maji yalipoikata barabara kule Somanga, nilimfahamu kijana aliyekuwa na utetezi wa tasnifu wiki ileile. Alichomoka kwa sababu moja: alikuwa na mazoea ya kumpigia mratibu wake kila mwezi, hata kama hana jipya. Alipopiga kueleza barabara imekatika, mratibu alimjua kwa sauti. Wakapanga tarehe nyingine. Kama ingekuwa ndiyo simu yake ya kwanza kwa mwaka mzima, sijui.

Nilichokuja kukifanya na msimamizi wa pili ni hiki. Kila tarehe mosi nilimtumia ukurasa mmoja: nilichofanya mwezi uliopita, kilichonikwamisha, na swali moja. Moja tu. Mtu mwenye wanafunzi 12 hajibu maswali tisa, atayaacha yote. Na sikusubiri sura ikamilike. Alisoma kurasa nane, nane, kama mtu anayelishwa uji.

Mwisho wa safari una vikwazo vyake, na hivi havisamehe: kukaguliwa kwa programu ya kubaini maandishi ya kunakili, watahini kusoma, utetezi wa mdomo, masahihisho, mtu wa kuthibitisha masahihisho. Vyuo vingine vinataka makala iliyopelekwa jaridani. Uliza siku ya kwanza, usiulize siku ya mwisho.

Fedha. Nasema haraka kwa sababu mnaijua kuliko mimi. Wengi wetu ada inatoka kwenye korosho, ya kwako au ya mjomba. Minada inaanza karibu Oktoba, na fedha ya mkulima haiingii siku ya mnada. Usajili wa chuo nao unafunguliwa msimu huohuo. Ombeni kulipa kwa awamu mapema, kwa barua, kabla ya muda wa kontroo namba, ile namba ya kulipia ada, kukuishia. Na mtumishi wa serikali, ruhusa ya masomo iandikwe na mwajiri. Usiondoke kwa baraka za mkuu wako wa kitengo peke yake.

Hapo nilimaliza, wakaanza kuuliza. Nayaweka mawili.

Kaka mmoja aliuliza kama uzamili utamfanya awe mhandisi mtaalamu haraka kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Nilimjibu kwamba bodi inaangalia pia kazi ulizofanya chini ya usimamizi. Ule mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu ni wa miaka mitatu, na shahada ya pili si mbadala wa daftari lako la kazi. Kama hujasajiliwa kama mhandisi mhitimu, anza na hilo wiki hii, uzamili utasubiri.

Dada mmoja, yuko kwenye maji kama mimi, alisema: "Dada Injinia, mimi ndiyo huyo wa kitabu tu. Mwaka wa tatu. Hata nenosiri la barua pepe ya chuo nimelisahau." Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka. Nilimuuliza kama usajili wake bado uko hai au umeshapitwa. Hakujua. Nikamwambia Jumatatu asubuhi asimpigie msimamizi, ampigie mratibu wa idara, aulize mambo mawili: usajili wangu umefikia wapi, na krediti zangu ni ngapi. Msimamizi baadaye, akishajua amesimama wapi.

Alinifuata baada ya kikao, ana matokeo yake kwenye simu. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi tukaanza kuyajumlisha nyuma ya bahasha, somo kwa somo. Tulifika krediti 112, na masomo mawili hatukuyaelewa.